Mnyoo Hana Kuku

Dada Kabula,

Nyie huko Magamba mvua imeshawakubali? Huku Tanga joto linanata mwilini kutwa.

Leo mwalimu wetu wa viumbe wa baharini alimpasua mnyoo aliyejaa mayai, ndani hamna nyama. Nikauliza nyama yake imekwenda wapi.

"Imekuwa mayai," akasema. "Akikaribia kuzaa anaacha kula. Protini ya misuli yake inavunjwa, inawaendea watoto. Akishataga, anakufa."

Wenzangu wakaandika. Mimi niliona mikono ya mama ilivyokonda kwenye mimba ya mdogo wetu Shija, na kuku wakitaga uvunguni mwa kitanda chake. Bibi alimkataza mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Shija alizaliwa na nywele tele, na mama hakuishi kuzichana.

Sasa nasikia mama mkwe wako naye amekukataza. Usibishane naye. Subiri aende shamba, uchemshe mawili, maganda uyafukie. Mnyoo hana kuku, dada. Wewe unao.

Nikirudi nataka nikukute na mikono minene, hata kama mtoto hana unywele mmoja.

Mdogo wako,
Minza