Sweta Maana Yake Jasho

Kaka Elisante,

Shikamoo. Jumamosi napanda tena mlimani, na naogopa. Nyumbani sijamwambia mtu, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Tangu tukuzike pale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, bei ya kahawa imeanguka mpaka Baba Mdogo ameng'oa mibuni yake akapanda nyanya. Mimi nina mke na mtoto, nikachukua kazi yako, upagazi, kuwabebea watalii mizigo mlimani. Mama hakunikataza. Aliuliza tu, "Utavaa nini?" Kisha akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Unakumbuka ulivyoichagua ile sweta ya bluu kwenye mitumba, kule Majengo? Uliivaa hapohapo juani, ukaniambia neno lenyewe la Kiingereza limetoka kwenye jasho. Ulikuwa unajifunza lugha uje uwaongoze watalii. Ukasema zamani Waingereza waliwafunika farasi wa mashindano nguo nzito ili watoke jasho wapungue mwili, baadaye wakawavisha wanariadha, na jina likabaki kwenye nguo. Nilicheka sana. Sisi huku Kirua tunavaa sweta kwa ajili ya baridi, wenzetu walivaa watoke jasho.

Kamusi yako ninayo. Baada ya mazishi nililitafuta neno hilo, nikakuta umepigia mstari maana nyingine kwa penseli: tajiri anayewakamua watu jasho kwa ujira mdogo. Hiyo hukuniambia. Kwa nini, kaka?

Wenzako walitusimulia. Ulifika kambi ya juu umelowa jasho, sweta na shati. Hukupata hata nafasi ya kubadilisha, ukatumwa urudi chini kuchukua mzigo wa mwenzako aliyeugua. Mvua ikageuka theluji. Walipokuuliza kama uko sawa ukajibu, "Niko sawa." Ulikuwa umeahidiwa kupandishwa kazi, hukutaka waone umechoka.

Mwezi uliopita ilikuwa safari yangu ya kwanza. Nilifika kambi ileile nimelowa vilevile. Nilipotua mzigo, jasho likawa barafu mgongoni. Meno yaligongana, vidole sikuvisikia. Mkuu wa msafara akaniamuru niteremke kuchota maji. Kaka, maneno yako yaleyale, "Niko sawa," yalishanifika mdomoni. Niliogopa kufukuzwa. Lakini nilikumbuka walivyokuleta kwenye machela, miguu imefunikwa gunia, nikaogopa zaidi.

Nikasema, "Mzee, siendi. Nimelowa. Kaka yangu alikufa kwa baridi hapa mlimani."

Mpishi akavua jaketi lake akanivisha, akanisogeza karibu na jiko la mafuta. Mkuu alinitazama, akachukua ndoo, akaenda kuchota mwenyewe.

Safari hii mkuu ni mwingine, simjui. Wanasema ni mkali, na mvua zimeanza. Huenda nikisema siendi atanirudisha peke yangu kwenye ukungu. Nawaza hilo hata nikiwa nakata majani ya ng'ombe.

Pumzika, kaka yangu. Nakuahidi mambo mawili. Baridi ikinishika nitasema, hata kazi iishie palepale. Na nikimkuta mpagazi yeyote amekaa pembeni kimya, nitampapasa mgongo. Nikiona amelowa, sitamwuliza kama yuko sawa, nitamvisha nguo kavu.

Mdogo wako,
Aminieli