Kwa Nini Sitaki Gauni la Krismasi

Mpendwa mjukuu wangu Wambui,

Pokea salamu kutoka hapa Kangemi. Sisi tu wazima. Babu yako goti linamsumbua, lakini kanisani hakosi. Umeniuliza kwa nini nakataa uninunulie gauni la Krismasi.

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa na miaka kumi. Krismasi kila mtoto alitarajiwa kuvaa nguo mpya, na baba alinishoneshea gauni la manjano kwa fundi wa River Road, mjini Nairobi. Kanisani nilikaa mbele. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa naangalia nani ananiangalia. Kisha mchungaji akamwita rafiki yangu Njeri aseme, bila kitabu, habari ya kuzaliwa kwa Yesu. Akamwita mara ya pili. Njeri hakuwemo.

Baada ya ibada, mama na mimi tulimkuta nyuma ya nyumba yao akiwasimulia kuku habari ile, wala hakukosea hata neno.

"Ningeingiaje na nguo ya kila siku?" akaniuliza.

Krismasi iliyofuata mama alipiga pasi sare yangu ya shule. "Utavaa hii. Tutampitia Njeri."

Tulikuta kufuli mlangoni. Walikuwa wamehama.

Kwa hiyo njoo na nguo yako ya kila siku, tuketi benchi moja. Ukitaka kunipa kitu, jifunze habari ile uiseme kanisani. Naingoja tangu mchungaji alipoita mara ya pili.

Ni mimi,
Shosho wako