Mama Alidhani Unamkatia

Dongobesh, Alhamisi

Mdogo wangu Letisia,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mahindi yamebeba, na laptopu uliyotutumia ina akili kuliko anayeitumia. Asante sana.

Jumapili mtandao ulipokatika mara nne mama akiongea nawe, niliizima laptopu, nikaiwasha, nikaipeleka dirishani, hata nikaipuliza kama jiko. Kumbe kosa lilikuwa langu. Kile kidude cha waifai nilikuwa nakiwasha, kisha nakifungia kwenye sanduku la bati, wezi wasikione. Jana mama alifungua sanduku kutoa shuka lake, laptopu ikashika mtandao papo hapo. Akaniangalia: "Na watu wanakuita mwalimu!"

Nilicheka peke yangu. Yeye alikaa kitandani, akauliza taratibu, "Kwa hiyo Letisia hakuwa ananikatia?"

Kumbe alidhani bado una hasira naye, tangu alipokataa harusi yako na Vicent. Miaka sita hiyo, mdogo wangu, na hakuwahi kunigusia.

Piga Jumamosi saa kumi na moja jioni. Ana neno la kukuambia mwenyewe, na mimi nitakuwa nje nakamua ng'ombe.

Kaka yako asiye fundi,
Herman