Paa Lisilomwagiwa Maji

Tseikuru, 2 Septemba 2024

Mwaitu Kasyoka, yaani mama, kwa kuwa una jina la mama yangu,

Hujambo huko Tawa, na cherehani yako haijambo? Watoto je? Mimi ni mzima, ila goti linauma kila Jumapili asubuhi, na siku zingine halina neno, kwa hivyo nashuku ni goti la shetani. Ujumbe huu nauandikia nyumbani. Utakufikia nikipanda sentani, kule madukani penye mtandao, basi usinigombeze kwamba nimechelewa.

Ile Landrova ya mama yako nimeimaliza. Hadtopu, lile paa la chuma ambalo kuku walikuwa wakitagia tangu tumzike, limerudi juu ya gari. Mwamvuli wake wa kujikinga jua bado uko chini ya kiti. Sijautoa.

Unasema wale wapenzi wa magari ya zamani kwenye grupu yako ya WhatsApp wanataka kujua nilivyofanya. Wana kazi zao mijini, watataka nini kwa mzee wa mbuzi? Lakini umeniomba kama mtoto aliyeona mandazi, kwa hivyo waandikie hivi. Bolti zenye kutu usizipige nyundo. Zimwagie dizeli, ziache, nenda kachunge mbuzi, urudi siku nyingine. Kutu ikwangue mpaka chuma kionekane, kwa maana anayeifunika kwa fila, ile lipu ya kuziba mashimo, anajidanganya. Raba ya kuziba kati ya paa na bodi siku hizi haipatikani, kwa hivyo nilikata tyubu ya lori nikaibandika kwa gundi ya fundi wa viatu. Bolti zifunge kwa kuruka, moja huku na moja ng'ambo, paa lisije likakaa upande. Basi, hakuna uchawi.

Babako,
Nzomo

Tawa, 9 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ni vumbi tu. Pole kwa goti, lakini mchungaji akisikia habari za shetani utaombewa mpaka jioni.

Nimeweka mwongozo wako kwenye grupu pamoja na picha zote ulizonitumia, na wenzangu wamefurahi mno. Wanakuita Mwalimu. Nimekuunganisha uwasome mwenyewe. Kuna mzee mmoja wa Mbooni, Mutiso, ana Landrova kama yetu na anataka kuitengeneza imbebe binti yake Nzisa siku ya harusi. Anasema atafuata maneno yako neno kwa neno.

Baba, nikwambie ukweli. Tangu mama alale, ulikuwa unaniandikia "tuko sawa" na hakuna kingine. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma nikicheka, halafu nikalia juu ya sare za shule za watu. Endelea kuandika tu, hata kama ni habari za bolti.

Mwanao na mamako,
Kasyoka

Tseikuru, 20 Oktoba 2024

Mwaitu,

Salamu nyingi. Goti limepona, nadhani kwa kupanda sentani kila siku hata kama sina haja ya sukari.

Watu wako wana maswali! Mmoja ameniuliza kama anaweza kutumia gundi ya mbao. Nimemwambia anaweza, kama anatengeneza kiti. Mutiso ndiye mtu wa maana. Ananipigia simu, tunaanza na maombi, tunaingia kwenye kutu, tunamalizia na habari za wake zetu, wa kwake aliye hai na wa kwangu. Sikujua kwamba nilikuwa na kiu ya kuongea na mtu. Amenialika harusini, lakini mbuzi nitamwachia nani? Nitaiona kwa picha.

Babako,
Nzomo

Tawa, 25 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana sikusikii.

Najua umeona picha za harusi kwenye grupu. Mvua ya Mbooni haikungoja hata maharusi wafike kanisani, na maji yakaingia kupitia kwenye paa la Landrova ya Mutiso, yote kwa upande wa Nzisa. Gauni, nywele, maua, kila kitu kililoa. Mimi ni fundi wa nguo, najua lile gauni lilivyomsumbua aliyelishona. Na wale wa grupu, wengine wametania, na mmoja ameandika maneno mabaya ambayo nimeyafuta. Lakini ulikuwa umeshatoka kwenye grupu.

Mutiso hakukutukana. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mzee alilijaribu kwa maji?" 

Baba, gauni litakauka. Ninachoogopa ni wewe kurudi kwenye ule ukimya. Tafadhali nijibu.

Mwanao,
Kasyoka

Tawa, 8 Desemba 2024

Baba,

Ujumbe wangu bado una tiki moja, haujakufikia. Hupandi tena sentani. Mama Nthiwa wa duka ameniambia amekuona kanisani, umekaa nyuma kabisa, ukatoka kabla ya baraka.

Mutiso ameomba nimwelekeze kwako, nami nimemwelekeza. Sijui anakuja na moyo gani, ila sauti yake ilikuwa ya upole. Ukiusoma huu kabla hajafika, usijifiche kwenye zizi. Nakujua.

Mwanao,
Kasyoka

Tseikuru, 14 Desemba 2024

Mwaitu Kasyoka,

Hujambo? Nisamehe kwa kunyamaza. Leo nimepanda sentani, na jumbe zako zimeingia zote kwa pamoja. Ni kweli, nilikuwa zizini.

Mutiso alinikuta huko. Nikamwambia kabla hajakaa: "Wewe, sikulijaribu kwa maji. Maji hapa yanakuja na punda. Nikimwagia gari maji ya kunywa, mke wangu Ndunge atatoka kaburini anichape." Nilikuwa nimelipangusa paa kwa kitambaa chenye maji, nikaona pakavu ndani, nikasema kazi imeisha. Aibu ilinishika mpaka nikashindwa kumtazama.

Yeye akafungua nyuma ya Landrova yake. Imejaa mitungi! Akasema, "Mzee, mimi sikuja kukuuliza habari za gauni. Nimekuletea maji ya Mbooni. Panda juu umwage, mimi nikae ndani nitazame."

Tumemwaga, Mwaitu. Tuliweka mabeseni ndani ya gari ili mbuzi wasikose maji yao, na Mutiso akaketi katikati ya mabeseni akipiga kelele, "Hapa! Hapa pia!" Yanavuja kwenye kona, pale nilipounganisha vipande vya tyubu. Inatakiwa iwe kipande kimoja kinachozunguka, na kiungo kikae mahali paliponyooka, si kwenye kona, kikatwe mshazari. Tumezibandua raba zote mbili, ya gari lake na ya letu, tukaanza upya. Jana tumemwaga tena. Mabeseni yamebaki makavu.

Nirudishe kwenye grupu. Watanie wapendavyo. Uandike kwamba Nzomo wa Tseikuru alikosea kona, na uongeze mwishoni mwa mwongozo: mwaga maji. Kama huna maji, usiseme umemaliza, mngoje mgeni mwenye maji.

Mutiso anaondoka kesho. Ule mwamvuli wa mama yako nimeutoa chini ya kiti, nikaupangusa vumbi, nikampa ampelekee Nzisa. Mama yako angemcheka kwanza, halafu angempa.

Babako,
Nzomo