Jumamosi ya Msalaba na Jumamosi ya Jeshi

Baba,

Nimekasirika. Na kwa kuwa siku hizi huwezi kuinuka ukaenda kuangalia ng'ombe, kama ulivyokuwa ukifanya kila nilipoanza kulalamika, leo utanisikiliza hadi mwisho.

Niko nyumbani Kalama, nimekaa juu ya lile gogo lako nyuma ya ghala. Mama anapepeta mbegu za mbaazi. Keshokutwa, Jumamosi, ni misa yako ya kutimiza mwaka, siku ya kubariki msalaba wa kaburi. Hema limeagizwa. Kwaya imefanya mazoezi mpaka majirani wanajua nyimbo zote. Mbuzi wawili wamefungwa hapo kwenye ua na wananiangalia kana kwamba mimi ndiye niliyepanga haya yote.

Sasa sikia. Jumamosi hiyo hiyo, asubuhi hiyo hiyo, uwanjani Machakos mjini, jeshi linawapima wanafunzi wa chuo walioomba ufadhili wa kusomea uofisa. Jina langu limetoka. Ni mbio, ni kuangaliwa meno na nyayo, ni kuulizwa maswali. Asiyefika siku hiyo amejiondoa mwenyewe, haitwi tena.

Mwaka una Jumamosi tele, Baba. Wewe na jeshi mkakubaliana hii.

Nikueleze tena huu ufadhili, pole pole, kwa sababu ulipokuwa hai hukuniacha nifike mwisho wa sentensi. Jeshi halinitoi chuoni. Linanilipia karo ya miaka iliyobaki, ninasoma na wenzangu kama kawaida, likizo naenda mafunzo, na nikipata digrii yangu naingia moja kwa moja kufunzwa uofisa. Lakini hawamchukui mtu aliyekaribia kumaliza, maana wanataka muda wa kumjua na wa kumnyoosha. Yule afisa aliyekuja kutuzungumzia chuoni alisema wazi: ombeni mkiwa mwaka wa kwanza, ukikataliwa, omba tena mwaka wa pili, hakuna atakayekuwekea kinyongo, ukifika mwaka wa tatu, usijisumbue. Mimi niko mwaka wa pili, Baba, na unaisha.

Na mwaka wa kwanza kwa nini sikuomba? Hilo jibu unalo wewe.

Eteela kwanza. Ngoja kwanza, nusu Kikamba, nusu Kiswahili, na yote yako. Sijui mtu mwingine aliyeongea hivyo. Ng'ombe ameingia kwenye maharagwe ya jirani, jirani anapiga kelele kule, na wewe umeinua mkono: eteela kwanza, nimalize chai. Mama husema hata siku niliyozaliwa, uchungu umemshika, ulimwambia eteela kwanza ukiwa umepiga magoti unatafuta kiatu cha pili chini ya kitanda. Nyumba nzima tuliishi kwa hilo neno. Kula kwanza. Pumzika kwanza. Maliza kwanza.

Nilikupigia simu kutoka chuoni, ule mwezi uliokuwa wa mwisho wako, na nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kukusalimia. Nikasema, Baba, jeshi linasomesha, maombi yamefunguliwa, nahitaji tu unitumie nakala ya kitambulisho chako na uniambie sawa. Ulikuwa shambani. Nilisikia jembe likigonga ardhi kavu, ko, ko, halafu likanyamaza. Ukaniambia: "Maliza kwanza, Mwaitu. Jeshi ni la waliomaliza." Nikajaribu kueleza. Ukasema: "Eteela kwanza, nipande hii."

Ukiniita Mwaitu nilikuwa siwezi kukubishia, na wewe ulijua. Kwa kuwa nilipewa jina la mama yako, Mwikali, uliniita mama tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Watu wa mbali walicheka wakisikia mtu mzima na mvi zake akimwita mtoto wa nasari mama yangu. Lakini mama gani huyu ambaye haombwi ruhusa, Baba? Mama gani anayeambiwa tu angoje?

Najua ilikotoka. Mama alinieleza baada ya mazishi, na nikakusamehe kwa muda wa kama nusu saa. Uliacha shule kidato cha tatu kwa sababu mtu alikuletea kazi kule Athi River, ukaambiwa utamaliza baadaye. Hiyo baadaye haikuja. Ndiyo maana kila aliyekuja na kitu kizuri kabla mtoto wako hajamaliza, wewe ulimwona ni yule mtu wa Athi River amerudi. Naelewa, kweli naelewa. Lakini huyu hakuwa yeye. Huyu alikuwa anakuja kulipa ili nimalize. Bila yeye sasa hata sijui kama nitafika hiyo digrii, maana Mama peke yake na haya matuta hawezi, na muhula huu nilifanya mtihani baada ya kupiga magoti ofisi tatu. Ulinifungia mlango wa kumaliza kwa sababu ya kupenda nimalize. Ni nani atakasirikia kitu kama hicho na asichanganyikiwe?

Na kinachonichoma zaidi si hicho. Kinachonichoma ni kwamba ulinijibu hivyo ukiwa unapanda kavu.

Wewe, mtu wa kungoja kwanza, hukuwahi kungojea mvua hata mara moja. Watu wa kutoka nje walikuja wakakuona unazika mbegu kwenye vumbi, jua linawaka, hakuna hata wingu, wakadhani umerukwa na akili. Uliwaambia, mvua inatakiwa kuikuta mbegu ardhini, si kuikuta kwenye ghala. Mvua ya kwetu ni fupi. Ukianza kutafuta jembe baada ya matone ya kwanza, umeshachelewa. Ulinifundisha hayo nikiwa sijafika kiunoni kwako, nikidondosha mbaazi kwenye mashimo, mbili mbili, wewe ukifukia kwa mguu. Kwa mbegu ulikuwa na akili hiyo yote. Kwa mtoto, eteela kwanza.

Halafu ukafa. Wiki ile ile. Ulipanda nusu ya juu ya shamba, ukashuka kwenye tuta la katikati, ukaanguka hapo na jembe mkononi. Wewe uliyewaambia watu wote wangoje, hukungoja hata nirudi nyumbani. Sitaki kuandika zaidi juu ya hiyo siku.

Unajua matanga ya kwetu. Mpaka mtu azikwe, hakuna kinachoanzishwa. Baba mdogo Mutiso, ndugu yako, alisimama pale uani akasema hakuna mtu atashika jembe, hakuna mtu atasafiri, mazishi kwanza. Nikawa naosha vikombe. Kila jioni watu walikuja mikutano, wakanywa chai, wakaomba, wakaondoka, na mimi nikaosha vikombe. Maombi ya ufadhili yalifungwa nikiwa nimeinamia karai, mikono kwenye povu, na simu imezimwa ndani ya nyumba kwa heshima yako. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Mvua nayo ilikuja kabla hatujakuzika. Ilinyesha vizuri, ile ya kupiga mabati mpaka watu hawasikizani. Nusu yako ya juu, uliyopanda kavu, ikaota yote. Nusu ya chini tuliipanda baada ya mazishi, vizuri, kwa utaratibu, na ndugu yako akisimamia. Iliota ikiwa ya manjano, mvua ikakatika, ikakauka ikiwa urefu wa kidole. Tulikula nusu yako mwaka huu, Baba. Kila nilipobandua mbaazi nilikuwa nasema asante na kukusuta kwa wakati mmoja, na Mama alikuwa ananiangalia akidhani naimba.

Kwa hivyo mwaka huu maombi yalipofunguliwa tena, mapema kuliko mwaka jana, sikumuuliza mtu. Niliomba siku ya kwanza. Palipoandikwa sahihi ya mzazi, Mama alitia yake bila kuniuliza ni ya nini. Nilidhani yamekwisha. Kumbe nilikuwa nimesahau kwamba wewe uliacha ndugu.

Nilipomweleza Baba mdogo habari ya Jumamosi, alivua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. "Jeshi liko tu," akasema. "Jeshi lilikuwako tangu mkoloni, sasa litatoroka liende wapi? Maliza ya babako kwanza." Nikamwambia ni mwaka wa mwisho kwangu kuomba. Akasema hema limelipiwa na padri ana misa zingine. Nikaomba basi misa isogezwe Jumamosi inayofuata. Akaniuliza kama mtu husogeza siku aliyokufa babake. Halafu akatoa lile nililokuwa nikiliogopa tangu mwanzo: anayefunua kitambaa cha msalaba ni mtoto aliye na jina la susu. Ni mimi. Watu watakuja kutoka Masinga na kwingine, wamlete hadi na shangazi mgonjwa, wakute mwenye jina la nyanya yake amekwenda kukimbia uwanjani na kaptula. "Watu watasema nini?"

Sikumjibu vibaya. Ulinilea. Lakini nilizunguka nyuma ya ghala nikapiga teke debe, na kidole cha mguu kinauma mpaka sasa, na ndicho natakiwa kukimbilia keshokutwa.

Nilidhani Mama yuko upande wake. Amekuwa kimya wiki nzima. Basi asubuhi hii nimeamka nikamkuta kwenye nusu ya chini, peke yake, anapanda. Vumbi linampanda mpaka magotini. Jua limeanza kuchoma na huko juu hakuna wingu hata la kusingizia. Nikamuuliza, Mama, si ungengoja Jumamosi ipite? Hakuinua kichwa. Akasema: "Mvua itaniuliza kama misa imekwisha?"

Nikasimama hapo. Baba, nililia. Nililia kwa sauti, na sikujali nani ananisikia. Nilichukua mbegu nikaanza kudondosha, mbili mbili, na yeye akifukia kwa mguu. Tukafika kwenye tuta la katikati, pale pako. Akapumzika, akajifuta uso na leso. Akaniambia ameshazungumza na padri. Msalaba utabarikiwa ukiwa umefunikwa. Kitambaa hakitaguswa na mtu mpaka nirudi. Baba mdogo alikuja juu kuuliza ni wapi aliwahi kuona mambo kama hayo, na Mama akamjibu mbele ya padri kwamba maji ya baraka hupenya kitambaa. Nasikia padri aliangalia pembeni akicheka.

Nimerudi nyumbani nikakuta viatu vyangu vya mbio vimefuliwa, vimeanikwa juu ya paa la banda la kuku.

Kwa hivyo ndivyo itakavyokuwa, Baba. Jumamosi watakuja watu wako wote. Wataimba, watakusifu, watakula. Baba mdogo atasoma ile hotuba yake na atakuambia mambo mengi mazuri, mengine ya kweli. Utakuwa hapo na kitambaa cheupe usoni, na watu watakuwa wananong'onezana mbona hajafunuliwa. Mimi nitakuwa uwanjani Machakos na namba kifuani, na kidole kibovu, nikikimbia. Sijui kama watanichukua. Wengi tumeitwa, wachache watabaki. Wakinikataa nitarudi nikueleze, na utakuwa huna mtu wa kumlaumu, maana safari hii niliomba kwa wakati.

Lakini nikuahidi moja. Sitapita kwa mtu, sitabadilisha nguo, sitakula. Nitakuja moja kwa moja na vumbi langu, mkono huu uliodondosha mbegu zako ndio utavuta hicho kitambaa, na mtu wa kwanza kujua walichonijibu ni wewe.

Najua hupendi. Najua ungekuwa hapa ungeinua ule mkono. Lakini uliniita Mwaitu miaka yote hii, na mama akisema, mtoto hutii.

Eteela kwanza, Baba.

Mimi mama yako,
Mwikali