Sekunde Thelathini za Baba Upendo

Alhamisi, Ukonga. Mawingu tangu asubuhi, nguo za jana bado mbichi kambani. Na mie siko sawa.

Mume wangu, Baba Upendo, ana uvimbe kwenye ini. Mwezi ujao tunatarajia kwenda nje ya nchi, atibiwe kwa mashine inayorusha mwale wa chembe ndogo sana, unaoishia palepale ulipolengwa. Shida ni kwamba ini halitulii. Linapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, na mwale ukikosa uvimbe unachoma nyama isiyo na ugonjwa. Kwa hiyo lazima abane pumzi, tumbo litulie, sekunde ishirini, tena na tena.

Tumefanya mazoezi wiki sita. Kila alfajiri analala chali chini ya shuka, mie nashika saa, nahesabu kwa sauti, naandika. Kumi na mbili. Kumi na nane. Juzi, thelathini! Nilipiga vigelegele peke yangu.

Leo, kliniki ya Mikocheni, walimfunga mkanda wa kupima tumboni. Mstari kwenye kioo ulitulia kidogo, kisha ukaanza kutetemeka.

"Mzee wangu, unaiba pumzi," dada wa vipimo alimwambia. "Hata shule ulikuwaga unaangalizia?"

Akacheka. Baba Upendo akacheka!

Mie sikucheka. Daktari ametupa wiki mbili. Akishindwa, safari itaahirishwa, na uvimbe hautaahirisha kukua.

Kwenye bajaji, wakati wa kurudi, ndipo akakiri. Tangu wiki ya pili alikuwa anavuta hewa kidogo kidogo kwa pua. "Mama Upendo, kila ukiandika namba kubwa ulikuwa unatabasamu. Ningekunyima?"

Wiki na wiki nimeandika uongo kwa mwandiko wangu mzuri.

Na la kwangu niliseme: nilikuwa naangalia saa. Yeye sikumwangalia.

Jioni hii nimeondoa shuka. Nimemfunga kanga tumboni, nikachomeka kijiti cha ufagio wa chelewa kwenye fundo, nikaanza kuhesabu. Kijiti hakijui kunifurahisha. Kilitikisika nilipofika tisa.

Nimezikata namba zote za nyuma kwa kalamu nyekundu. Chini yake nimeandika: tisa.

Sijamsamehe. Alfajiri nitamhesabia tena, macho kwenye kijiti.