Njia Yako Imehamishwa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo jingine lolote. Unaendeleaje na huo mguu? Mwanao aliniambia kwamba plasta imetolewa, kwamba sasa unatembea kwa magongo kutoka kitandani hadi dirishani, na kwamba ukimwona mtaalamu wa mazoezi akiingia unageukia ukutani na kujifanya umelala. Acha utoto. Yule anafanya kazi yake, nawe fanya yako. Msalimie wifi yangu, umwambie sweta aliyonitumia imenitosha mabegani. Mikono tu ndiyo mirefu, nami naikunja. Wajukuu nao wasalimie wote, hata yule mtundu aliyekuchorea maua kwenye plasta.

Sisi huku tu wazima. Magoti yangu hunung'unika asubuhi, lakini yakishapata moto hunyamaza. Mvua zimekatika na watembezi wa mlimani wameanza kuja tena, wengi wao na mizigo mikubwa kama kawaida yao, utadhani wanahama nyumba.

Nimekaa kukuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu simu unaikata. Mara mbili nimeanza kukueleza habari za njia, na mara mbili ukasema mtandao ni mbaya. Barua huwezi kuisingizia mtandao. Isome mpaka mwisho, kisha ukitaka kukasirika, kasirika.

Habari yenyewe ni hii: njia imehamishwa. Najua uliapa mbele ya mkeo na watoto kwamba wakigusa kipande ulichokichora wewe, hutakanyaga tena huku. Kiapo hicho nilikisikia kwa masikio yangu, wala sikukichukulia kuwa mzaha. Ndiyo maana nataka ujue kutoka kwangu ni kitu gani kimebadilika, na kwa sababu gani, kabla Redio hajakupigia. Unamjua mpagazi wetu huyo. Hatukumpa jina hilo bure. Habari ikimfika asubuhi, mchana imekwisha kupata mkia na masikio.

Nianze na kambi yangu, usije ukasema nafurahia ya mwenzangu. Kambi ya mtoni imefungwa. Mto ulikula ukingo mpaka ukazifikia nguzo za banda la kuni, na choo cha upande wa chini kikainama kama mtu anayetafuta sindano. Alipokuja mpimaji wa ofisi ya njia, yule binti tunayemwita Futi kwa kuwa kila kitu anakipima, hata kikombe cha chai hukitazama kwanza kimo chake, alinionyesha ufa chini ya jiko langu. Nilimwambia kwamba ufa huo nimeishi naye, ni jirani yangu. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama jirani huyo huwa anasogea. Na kweli alikuwa anasogea.

Nilifunga virago vyangu mwenyewe. Nilining'iniza funguo za banda msumarini, nikakumbuka kwamba banda halina tena mlango, nikazichukua. Iliniuma, sitakuficha. Lakini niliamka siku iliyofuata nikaanza kufagia kambi mpya.

Iko juu, kwenye uwanja ule wa zamani wa kukatia mawe. Nakusikia ukiguna. Unakumbuka vumbi na upepo wa pale, na ni kweli upepo upo, ila wamejenga ukuta wa mawe upande unakovuma, na mahema yanakaa juu ya majukwaa ya mbao, hayakai tena kwenye matope. Maji yanakuja kwa bomba kutoka kwenye chemchemi ya juu. Nimepewa chumba chenye mlango unaofungika, rafu tatu na dirisha ambalo kwalo nawaona wageni wakiwa bado mbali, kwa hiyo maji huchemka kabla hawajafika. Redio anasema nimekuwa bosi na kwamba siku hizi salamu yangu ni ya kuombwa kwa maandishi. Nilimjibu aandike, nitazingatia.

Kambi ya msituni imebaki, lakini mahema yameondolewa kando ya kijito na hakuna tena anayeruhusiwa kuwasha moto wake mwenyewe. Kuna jiko moja la wote. Wageni wanalalamika siku ya kwanza. Siku ya pili wanakuwa wameshafahamiana kwa kugombea sufuria.

Sasa nafika kwako.

Kile kipande cha mgongo wa mlima, kinachopanda moja kwa moja kama ngazi, kimefungwa. Najua kwa nini ulikichagua. Kinafupisha safari, na mtu akifika juu anayaona mabonde yote mawili kwa pamoja. Lakini miguu ya watu imekichimba mpaka kimekuwa mfereji wa kufika magotini, na mvua ikinyesha maji hayatafuti njia nyingine. Ulipoanguka ulisema ni viatu. Mkeo alisema ni utelezi. Mimi niliyekushika mkono wakati wanakufunga mguu nasema ni njia.

Na Futi alikwisha kukwambia. Kwenye kile kikao, katika chumba kile cha ofisi chenye ramani iliyobanduka pembe moja, alieleza taratibu kwamba njia izunguke ubavuni, ipande kidogo kushoto, igeuke, ipande kidogo kulia, ili maji yasiifuate. Ulipiga meza hadi kalamu zikaruka. Ukamwambia binti wa watu kwamba hiyo ni njia ya bibi vizee. Mimi, bibi kizee, nilikuwa kiti cha pili kutoka kwako. Sikusema neno siku ile kwa sababu sipendi kumwaibisha ndugu yangu mbele ya watu. Ninasema leo.

Kuna jingine ambalo hakuna aliyewahi kukwambia, kwa kuwa hakuna aliyelijua. Ofisi imeamua kwamba watu wanaweza kuanza safari upande wowote wanaotaka, chini au juu. Futi akaomba tuitembee njia nzima kutoka juu, yeye, mimi na Redio. Tulipofika kwenye yale mawe makubwa juu ya mgongo wa mlima, tulipotea. Sisi, tuliozeekea mlima huu! Redio aliapa kwa roho ya mama yake kwamba ni kushoto. Tukafuata kushoto kwake mpaka tukajikuta katikati ya miiba, na yeye akaanza kumlaumu mama yake.

Nilirudi nyuma, nikayazunguka yale mawe, nikaona. Alama zako zote nyeupe zilikuwa upande wa chini wa mawe, zinamtazama anayepanda. Kwa anayeshuka, njia yako ilikuwa bubu. Futi hakucheka wala hakujigamba. Aliuliza tu kama huenda aliyezipaka hajawahi kushuka kwa miguu. Nilifungua mdomo kukutetea, nikatafuta kichwani siku ambayo ulishuka, sikuipata. Kila mara ulipofika juu ulikuwa na haraka ya kurudi nyumbani kwa gari la mizigo. Mara moja tu umeushuka mlima ule, na siku hiyo ulikuwa kwenye machela.

Nadhani hapo umeiweka barua chini. Haidhuru, nakusubiri.

Umerudi? Basi sikia na hili, ambalo ndilo hasa lililonifanya nikuandikie. Njia ikihamishwa, alama za zamani lazima zifutwe. Wewe ndiye uliyetufundisha hivyo: alama ikibaki, ipo siku mgeni ataifuata. Ofisi ilileta mafundi rangi wawili wanaopaka nyumba. Niliwasikia jioni wakipanga kuzipiga zote rangi nyeusi, paa, paa, wamalize wakapumzike. Mmoja akauliza hivi hizi alama alizipaka nani, mbona nyingine ziko chini namna hii, alikuwa mfupi?

Niliwaambia wakae. Nilichukua brashi ya waya na ndoo, nikapanda mwenyewe.

Aliyefuta alama zako ni mimi. Zote, kuanzia mtoni hadi kileleni, kwa mkono wangu huu. Hakuna aliyenituma, na wala sikuombi radhi, kwa sababu ilipasa zifutwe, na nisingekubali zifutwe na mtu anayeuliza kama ulikuwa mfupi.

Nilikuwa nikisugua huku nimekukasirikia. Nilikukasirikia kwa meza ile, kwa mguu, kwa ubishi wako wa tangu utotoni. Lakini kazi ya kusugua inamlazimisha mtu asimame pale ulipokuwa umesimama wewe. Ile alama ya chini aliyoicheka fundi iko mahali ambapo anayepanda ameinama, anaangalia vidole vyake vya miguu. Ingekuwa juu, asingeiona. Ile ya kwenye kona iko pale hasa ambapo mtu husimama kuvuta pumzi na kuinua macho. Nimepita njia hiyo nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kufahamu kwamba kulikuwa na mtu anayenifikiria kila nilipochoka. Hilo nalo sikupata kukwambia, nami najiona mjinga.

Kwa hiyo nilipomaliza kufuta, niliwaambia ofisini kwamba njia mpya ya ubavuni nitaipaka mimi. Walitazamana. Futi akasema apewe. Nimepaka jinsi ulivyokuwa unapaka wewe, ila kila jiwe nimelizunguka na kulipaka pande zote mbili. Jana walishuka wageni wawili, mume na mke, wakigombana tangu kileleni hadi mlangoni kwangu kuhusu nani alisahau kopo la sukari. Hawakusimama hata mara moja kuuliza njia. Nilifurahi mno nikawapa sukari.

Kumebaki kipande kimoja, kutoka kambi mpya hadi kwenye chemchemi ya juu. Pale njia inaweza kupita penye miamba au penye majani marefu. Futi anataka miamba, Redio anataka majani, na mimi nimekataa zote mbili. Nimewaambia ofisini kwamba kitapakwa na wewe, na kwamba unakuja mguu ukikaza. Sikukuuliza kwanza. Ningekuuliza ungekataa, na ukishakataa jambo kwa sauti huwa unaona haya kulibadilisha. Wameniamini. Wameweka vijiti vyenye vitambaa kwa muda, na wageni wanapita hapo wakishangaa.

Kiapo chako nakiheshimu, lakini nataka nikukumbushe kwamba uliapa kwa sababu ya njia iliyokuvunja mguu. Pima mwenyewe. Chumba cha pili hapa kwangu kina kitanda na hakina ngazi. Ukija, tutapanda gari mpaka juu, kisha tutashuka kwa miguu, polepole, mwendo wa bibi vizee, ili uione njia kwa upande ambao hujawahi kuuona.

Na usipokuja, kile kipande nitakipaka mimi. Nitakipaka vibaya kwa makusudi, alama zimepinda, rangi imechuruzika, na kila atakayeniuliza ni kazi ya nani nitamtajia wewe, na Redio atanisaidia kuieneza habari hiyo hadi huko mjini.

Wasalimie wote waliomo nyumbani, kila mtu kwa nafasi yake. Mwambie mwanao kwamba shangazi yake anamshukuru kwa kukutunza, na kwamba siku mtakayokuja asibebe godoro, yapo. Nakutakia afya njema na usikivu, na hilo la pili ndilo ninalokuombea zaidi.

Mimi dada yako,
mlinzi wa kambi ya juu